Kipima joto changu kilisoma 47, kituo rasmi 41: joto la kweli ni lipi?

Swali la msomaji: "Kila kiangazi nasubiri siku za joto kali kama wengine wanavyosubiri mvua. Juzi kipima joto changu, nilichokifunga ukutani upande wa magharibi chini ya ukingo wa paa, kilifika 47.2 saa tisa alasiri. Kituo rasmi kilicho kilomita 9 kutoka hapa kiliandika 41.1. Naambiwa ukuta umenidanganya. Hapa kwangu joto halisi lilikuwa kiasi gani? Nipime vipi safari ijayo, na nawezaje kuijua siku kama ile kabla haijafika? Halafu kuna jambo sielewi: kwa nini 41 hii niliiweza, lakini kuna siku za 34 zinanilaza chali?"

Jibu: Ndugu, anayekuambia ukuta umekudanganya yuko sahihi. Nyuzi zote nitakazotaja hapa ni za Selsiasi.

Kipima joto hakijui kitu kingine chochote ila joto la mwili wake chenyewe. Kazi yote ya kupima hewa ni kuhakikisha mwili huo mdogo umefanana na hewa: hewa ipite juu yake kwa wingi, na mionzi isiufikie. Chako kilikuwa kivulini, lakini kivuli peke yake hakitoshi. Ukuta wa magharibi hupigwa na jua kuanzia mchana, na ifikapo saa tisa unaweza kuwa umepita nyuzi 50. Ukuta huo humimina mionzi isiyoonekana kwa macho kwenye kila kilicho karibu nao. Jaribu mwenyewe: nyoosha kiganja sentimita 10 kutoka ukutani bila kugusa. Upande wa kiganja utasikia moto, mgongo wa mkono hausikii kitu. Kipima joto chako kilikuwa kwenye hali ya kile kiganja mchana kutwa. Zaidi ya hapo, hewa iliyopashwa na ukuta hupanda ikiufuata, na ukingo wa paa huizuia juu, ikatuama palepale ulipofunga kifaa. Tofauti ya nyuzi 6 kwa mazingira hayo ni ya kawaida kabisa.

Usione haya. Kosa la ukubwa huo liliwahi kukaa kwenye rekodi ya dunia kwa miaka 90. Tarehe 13 Septemba 1922, huko Al Aziziya nchini Libya, iliandikwa 58.0, ikawa ndiyo joto kubwa kuliko yote kuwahi kupimwa. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta. Wachunguzi walirudi kwenye karatasi zenyewe za kituo na kuona kwamba aliyekisoma kifaa siku zile hakuwa na uzoefu, na kifaa kilikuwa kile chenye vipande vidogo vinavyosukumwa na zebaki na kubaki pale joto lilipofika kilele. Ukisoma ncha ya juu ya kipande badala ya ile ya chini, unaongeza urefu wa kipande kizima, na urefu huo ulikuwa sawa na nyuzi kama 7. Ardhi ya chini ya kifaa nayo haikufanana na jangwa la kawaida, na namba ile haikuoana na vituo jirani. Kilichotoa siri ni jirani. Ukipata namba kubwa mno, kituo cha jirani ndicho shahidi wa kwanza wa kumwita, kama ulivyofanya wewe.

Rekodi inayotambuliwa hadi leo ni 56.7 ya Death Valley, Marekani, tarehe 10 Julai 1913, ingawa wapo wataalamu wa tabianchi wanaoitilia shaka. Bonde hilohilo limefikisha 54.4 mwaka 2020 na tena 2021, kwa vifaa vya kisasa. Sasa linganisha na ardhi yake: mwaka 1972 uso wa udongo hapo ulipimwa 93.9. Hewa iliyo kwenye usawa wa uso wako na udongo wa miguuni mwako vinaweza kupishana kwa nyuzi 40. Ndiyo maana namba isiyosema imepimwa wapi na kwa kimo gani haina maana.

Tuje kwenye kupima. Kanuni ya vituo rasmi ni hewa ya kimo cha kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya majani mafupi au ardhi ya asili ya eneo, mahali pa wazi, ndani ya kinga inayozuia jua na kupitisha upepo. Kwa mtu binafsi, chagua mita 1.5. Kizuizi chochote, uwe mti au nyumba, kiwe mbali angalau mara mbili ya kimo chake: nyumba ya mita 4, kaa mita 8 kutoka hapo, na zaidi kama nafasi ipo. Lami, zege na bati viepuke hata zaidi ya kuta, hasa upande unaotoka upepo wa mchana. Majani yasimwagiliwe maji chini ya kifaa. Utapata ubaridi wa bustani na si joto la siku.

Kinga ya asili ni kisanduku cheupe cha Stevenson, chenye kuta za mbao zilizopangwa kwa mwinamo kama dirisha la luva, na mlango unaoelekea upande usio na jua, yaani kaskazini kwa walio kaskazini mwa ikweta na kusini kwa walio kusini. Ni kizuri, ila ni kizito kutengeneza. Kihisi kidogo cha kielektroniki, yaani ile sehemu ya kifaa inayohisi joto, kinatosheka na kinga ya sahani. Chukua sahani nyeupe za plastiki 8 hadi 10 zenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 20. Mbili za juu ziache nzima. Moja ya chini itoboe kiasi cha kupitisha waya. Zilizobaki zikate tundu pana katikati ili kipatikane chumba cha kihisi. Zipange zikiwa zimefudikizwa, kwa vyuma vitatu vyenye nati, na kati ya sahani na sahani acha sentimita 1.5 hadi 2. Kihisi kining'inie katikati bila kugusa plastiki. Ukitazama kwa ubavu, kutoka upande wowote, usione kihisi. Ukikiona wewe, na mionzi inakiona.

Kinga hii ina udhaifu mmoja, na bahati mbaya unajitokeza siku uipendayo. Inategemea upepo. Jua likiwa kali na upepo chini ya mita 1 kwa sekunde, plastiki hupata moto, hewa ya ndani inatuama, na usomaji hupanda nyuzi 1 hadi 3 juu ya ukweli. Ardhi nyeupe ya mchanga huzidisha, kwa kuwa mionzi inarudi kutoka chini ambako sahani hazikukinga vizuri. Dawa yake ni feni. Feni ya kompyuta ya milimita 80 inayotumia volti 12 inatosha: ifunge juu ya chumba cha kihisi, chini ya zile sahani mbili nzima, na uigeuze ivute hewa kutoka chini, ipite kwenye kihisi, itoke juu. Wengi hukosea hapa wakaiweka isukume, na moto wa mota ukaishia kwenye kihisi. Hewa inayopita kwenye kihisi iwe na kasi ya mita 2.5 kwa sekunde au zaidi. Feni ikifa katikati ya kiangazi hutagundua kwa kutazama namba, kwa hiyo iguse kila wiki.

Kabla ya kukiamini kihisi, kijaribu. Ponda barafu, jaza chupa ya chai, ongeza maji safi kiasi cha kujaza mianya tu, koroga, subiri dakika 10 na usome ukiendelea kukoroga. Inapaswa kuwa 0.0. Kama kihisi kinapima na unyevu, kitie kwanza kwenye mfuko mwembamba wa nailoni uliobana, maana maji hukiua. Lakini sifuri iko mbali na nyuzi unazozipenda, na kosa la kifaa linaweza kukua kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo fanya jaribio la pili: tia maji ya nyuzi 40 kwenye chupa ileile, tumbukiza kihisi pamoja na kipima homa cha kidijitali, koroga na ulinganishe. Kipima homa kizuri hakikosei zaidi ya nyuzi 0.1 kwenye eneo hilo. Ukiona kihisi chako kinazidi kwa 0.6 kwenye 40, andika na uwe unatoa 0.6 siku za joto.

Unyevu nao una jaribio lake. Chumvi ya mezani iliyoloweshwa kwa maji machache iwe kama uji mzito, ikiwekwa kwenye kifuniko cha chupa ndani ya chombo kilichofungwa kabisa pamoja na kihisi, hushikilia unyevu wa asilimia 75. Acha usiku kucha, mahali ambapo joto halibadiliki. Usikose jaribio hili, kwa sababu jibu la swali lako la mwisho liko kwenye unyevu.

Ngozi yako ina joto la karibu nyuzi 35. Hewa ikipita hapo, haikupozi tena, inakupasha. Kinachobaki ni jasho, na jasho linafanya kazi pale tu linapokauka: lita moja ikikauka huondoka na kilojuli 2,400 hivi za joto. Linalodondoka chini halikusaidii kitu. Hewa kavu hulikausha, hewa iliyojaa mvuke inalikataa. Kipimo kinachoonyesha hilo vizuri ni joto la utambi mbichi: funga kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kwenye ncha ya kipima joto, kipepee kivulini, na usome kinapofika chini kabisa. Siku ya 41 yenye unyevu wa asilimia 15, utambi mbichi husoma karibu 21. Siku ya 34 yenye unyevu wa asilimia 67, husoma kama 28.6. Kwa mwili, hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi, hata kama gazeti litaipa kichwa cha habari ile ya kwanza.

Ukipima kwa utambi, tumia maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, au ya betri yasiyo na asidi. Maji ya chumvi huacha utando, na utando hupandisha usomaji. Badilisha kitambaa kikianza kuwa kigumu. Kosa kubwa ni kuchelewa kusoma: kwenye hewa kavu kitambaa hukauka ndani ya dakika chache, na joto linaanza kupanda tena bila wewe kujua. Kwa kupata kiasi cha mvuke, tofauti ya vipima joto viwili, kimoja kikavu na kimoja chenye utambi mbichi, hutosha. Mfano, kikavu 40, kibichi 22, karibu na usawa wa bahari: unyevu ni karibu asilimia 20, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipozwa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka umande, ni nyuzi 12 na kidogo. Kiwango cha umande ndicho ningekushauri ukiandike kuliko asilimia, kwa sababu asilimia hushuka mchana kwa kupanda kwa joto tu, hata kama mvuke haujapungua hata chembe.

Kwa anayependa mipaka ya jambo hili, tarehe 8 Julai 2003 huko Dhahran, Saudia, kiwango cha umande kilitajwa kufika 35, hewa ikiwa 42. Utambi mbichi wa 35 kwa saa kama sita ndio ulionekana kwa muda mrefu kuwa mwisho wa mwanadamu. Majaribio ya maabara Marekani yaliyochapishwa mwaka 2022, kwa vijana wenye afya, yalionyesha mwili unaanza kushindwa mapema zaidi, karibu 31 kwenye hewa yenye mvuke mwingi. Kwa hiyo weka mstari wako wa kurudi ndani kwa kufuata utambi mbichi. Ukifika 28, kazi ya nje ikome. Ukikaa nje muda mrefu kunywa maji kidogokidogo bila kupita lita 1.4 kwa saa, na chumvi ipatikane kwenye chakula. Mtu akianza kuchanganya maneno au kuyumba joto likiwa kali, hiyo ni dharura: ita msaada, na huku unasubiri mmwagie maji baridi mwili mzima au mwingize ndani yake. Usingoje jasho likatike kwanza.

Sasa raha yenyewe, kuiona siku ya joto ikija. Joto kali la mchana halitoki kwenye jua peke yake. Lina mambo matatu: hewa inayoshuka, ardhi kavu, na kiporo.

Chini ya mgandamizo mkubwa wa hewa, hewa hushuka taratibu kutoka juu, na kila kilomita inayoshuka bila mvuke kugeuka maji hupata nyuzi 9.8. Mawingu hufa, jua linabaki wazi. Ardhi ikiwa mbichi, sehemu kubwa ya nguvu ya jua huishia kukausha maji. Ikiwa kavu, nguvu hiyo yote inapasha udongo na udongo unapasha hewa. Mvua ya wiki iliyopita inaweza kukunyima nyuzi kadhaa, hata kama ramani zinaonyesha kila kitu sawa. Kiporo ndicho wengi wanachokisahau. Usiku, hewa ya chini inapoa, lakini mita mia kadhaa juu joto la jana linabaki limelala. Asubuhi jua likishaila ile tabaka baridi ya chini, hewa ya leo inaungana na joto la jana na kuanzia pale lilipoishia. Lytton, Kanada, mwaka 2021 ni mfano ulio wazi: tarehe 27 Juni 46.6, tarehe 28 ikawa 47.9, tarehe 29 ikawa 49.6. Rekodi ya nchi nzima kabla ya hapo ilikuwa 45.0, iliyodumu tangu 1937. Tarehe 30 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Anayelipenda joto hana budi kuzikumbuka tarehe hizo nne kwa pamoja.

Kwa hesabu ya nyumbani, tafuta ramani ya joto la hewa kwenye hektopaskali 850 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), ambayo ni takriban mita 1,500 juu ya bahari. Ramani hizi ziko wazi kwenye intaneti. Chukua joto la saa za alasiri, kisha ongeza nyuzi 1 kwa kila mita 100 zilizo kati ya mita 1,500 na kimo cha mahali ulipo. Kama ramani inasema 25 na wewe uko mita 300, tofauti ni mita 1,200, unaongeza 12, unapata 37. Tabaka la chini kabisa likigusana na ardhi kavu huongeza nyuzi 1 au 2, kwa hiyo tarajia 38 hadi 39. Ukiwa juu ya mita 1,200, acha ramani hiyo na utumie ya hektopaskali 700, ambayo ni kama mita 3,000.

Hesabu hii ni ya siku ambayo hewa imechanganyika vizuri toka chini hadi juu. Inavunjika kwa sababu chache ambazo utazizoea haraka. Upepo wa baharini ukifika saa saba, kilele chako kimeishia hapo. Mawingu membamba ya juu hupunguza nyuzi moja au mbili, na vumbi zito hupunguza mchana na kuongeza usiku. Tabaka baridi la asubuhi likiwa nene mno, jua halilivunji kabla ya saa tisa, na joto la juu linabaki huko juu. Kilele chenyewe hakiji saa sita jua likiwa utosini. Ardhi huendelea kupokea kuliko inavyotoa, na namba kubwa huja kati ya saa nane na saa kumi na moja. Ukiona imefika saa tano na kasi ya kupanda bado ni nyuzi 2 kwa saa, ujue siku ni kubwa.

Usiidharau namba ya usiku pia. Tarehe 26 Juni 2018 huko Qurayyat, Oman, joto la chini kabisa kwa siku nzima lilikuwa 42.6. Na kama unapenda joto lisilochoka, soma habari za Marble Bar, Australia: siku 160 mfululizo za 37.8 au zaidi, kuanzia tarehe 31 Oktoba 1923 hadi 7 Aprili 1924. Kwangu mimi hiyo inashinda rekodi ya siku moja.

Kuhusu joto lililokuwa kwako siku ile, linaweza kukadiriwa bado. Hamisha kifaa, kifunge kama nilivyoeleza, kisha uandike kilele chako na cha kituo rasmi kwa siku 20 hadi 30 zenye jua na anga safi. Toa moja kwa nyingine kila siku, na utafute wastani wa tofauti. Ukikuta kwako kunazidi kwa 0.5, basi 41.1 ya kituo ilikuwa takriban 41.6 kwako. Kimo nacho kinachangia: kila mita 100 unazokaa chini ya kituo, tarajia hadi nyuzi 1 zaidi. Daftari liwe na tarehe, kilele na saa yake, joto la chini, kiwango cha umande saa ya kilele, upepo, mawingu, na joto la hektopaskali 850. Ile 47.2 usiifute. Iandike kwenye ukurasa wake: "kifaa ukutani, magharibi, chini ya paa, saa tisa." Baada ya vipimo vya mwezi mmoja, rudisha kifaa cha zamani palepale ukutani kwa siku tatu za jua, ukilinganisha na kipya. Utajua ukuta wako unaongeza kiasi gani, na hapo hata vilele ulivyoandika miaka ya nyuma vitakuwa na pa kusahihishwa.